Nyumba ya Maximilla Haiuzwi

Sehemu ya Saba

"Hii nyumba ni yangu! Nani amekwambia inauzwa?"

Kama wiki iliyopita ulikuwa shamba gazeti likakupita, basi shika hapa. Sauti hiyo ilitoka katikati ya umati, sokoni Kasulu, wakati Firdausi binti Nurudini amesimama juu ya pikapu iliyofungwa spika, kipaza sauti mkononi, akiizindua tovuti yake ya nyumba na viwanja. Tovuti yenyewe aliipa jina la Makao Buha, kwa kuwa Buha ndiyo nchi ya Waha.

Mwenye sauti alikuwa mama mtu mzima, kitenge kimepauka, miguu imejaa vumbi jekundu la safari. Aliinua juu karatasi ya tangazo. Ilikuwa na picha ya nyumba ya matofali ya kuchoma, bati la bluu, mlango wa kijani. Chini ya picha, maandishi makubwa: INAUZWA HARAKA. IPO KIBONDO.

Firdausi aliijua picha ile. Aliipiga mwenyewe.

Na alijua jambo ambalo hapana mtu mwingine sokoni pale alilijua: nyumba ile haikuwa inauzwa. Haikupata kuuzwa. Mwenyewe hakuulizwa.

Ilikuwaje? Firdausi alirudi kutoka chuo mwaka ule wa 2015, akakuta magari ya mashirika yamejaa barabarani, Warundi wanavuka mpaka kila siku, wafanyakazi wa misaada wanatafuta pa kulala, na madalali wanamzungusha mtu mji mzima kumwonyesha banda la kuku. Akapata wazo. Nyumba zote ziwekwe pamoja, mtu azitazame kwenye simu. Akiba yake ndogo ikaishia kwenye jina la tovuti, stika za kubandika kwenye bodaboda, na tangazo la redio lililosomwa baada ya matangazo ya vifo.

Lakini wenye nyumba waligoma. "Nyumba yangu ikae kwenye simu, wezi waione?" Tovuti ikabaki tupu. Na duka lisilo na bidhaa, nani ataingia?

Ndipo akapanda gari hadi Kibondo, akazunguka mitaani na simu yake, akapiga picha nyumba za watu kutoka barabarani. Bei alibuni. Namba ya simu aliweka yake, akachapisha na karatasi za kubandika stendi. Mtu akipiga, atamwambia imeshachukuliwa, ila nina nyingine. Nani ataumia?

Sasa aliyeumia alikuwa amesimama mbele yake.

"Shikamoo, mama," Firdausi alisema, na spika zikaitangaza shikamoo yake hadi stendi.

"Marahaba. Nijibu."

Hata wauza samaki wa migebuka waliacha kufukuza nzi.

Macho ya Firdausi yakatafuta mlango wa kutokea. Yakatua kwa Mansuri, fundi wa tovuti, kijana wa mtaani kwao aliyekuwa ameinama karibu na jenereta. Hawa wawili walianza pamoja, mmoja na wazo, mwingine na kompyuta.

"Mambo ya picha anashughulikia fundi wetu, Mansuri," Firdausi akasema. "Nadhani amechanganya."

Mansuri aliinua kichwa taratibu.

Siku Firdausi alipozileta picha zile, Mansuri alimuuliza swali moja tu: wenyewe wameridhia? Firdausi akamjibu: wote.

Wakatazamana. Kisha Mansuri akapanda pikapu, akachukua kipaza sauti kutoka mkononi mwa Firdausi.

"Mama, nisamehe. Kosa ni langu."

"Tapeli!" mtu akapiga kelele.

"Mshusheni!"

Nyanya iliyooza ilimpiga Mansuri shingoni. Hakujifuta.

"Kosa lako limenilaza jikoni kwa watu, kijana," yule mama akasema, na sauti yake haikuwa kubwa tena. "Naitwa Maximilla, mjane wa Ndihokubwayo. Shemeji yangu ameiona karatasi hii stendi ya Kibondo. Akasema nauza nyumba ya ukoo kimya kimya nikaolewe kwingine. Umri huu! Akanitoa nje, akafunga kufuli lake. Hata sufuria sikutoa."

Mansuri alitazama chini. Firdausi alitazama jenereta.

Na sasa sikia ajabu ya dunia. Ugomvi ule ndio uliotangaza tovuti kuliko redio, kuliko spika, kuliko stika zote. Waliokuja kusikia mama anavyogomba waliondoka wanauliza, tovuti yenyewe inaitwaje? Simu ya Firdausi haikupoa. Wenye nyumba waliomkimbia mwezi mzima walimzunguka.

"Binti, niandike na mimi. Nina vyumba vitatu Murubona. Ila mimi napangisha kweli, eh?"

Wakacheka. Firdausi naye alijaribu kucheka. Hili ndilo aliloomba kwa Mungu kila alfajiri, limekuja, na furaha ikakataa kuja nalo.

* * *

Watu walipotawanyika, alimkuta Mansuri nyuma ya pikapu anakunja nyaya.

"Mansuri, asante. Ningefanyaje mbele ya wale watu? Jina la tovuti lingekufa palepale."

"Uliniambia wameridhia."

"Najua."

"Wangapi hawajui?"

Firdausi akaokota waya mmoja, akaanza kuukunja.

"Wangapi, Fida?"

"Wote," akanong'ona.

Mansuri akaacha nyaya. Mbegu za nyanya zilikuwa zimekauka kwenye kola yake.

"Mimi nimekubeba mbele ya watu," akasema. "Mbele ya Mungu ujibebe mwenyewe. Picha zote za Kibondo nazifuta leo. Wewe nenda na yule mama, ukamwambie shemeji yake ukweli. Usiende na nusu ukweli."

"Na sisi? Kazi yetu?"

"Ukirudi tutaongea. Ukirudi na nyumba yake."

Firdausi akamfuata mama Maximilla, akamkuta amekaa kwenye ngazi ya duka la mafuta ya taa. Akamwambia: "Mama, kesho nitakwenda nawe Kibondo. Mimi ndiye mwenye tovuti. Nitamwambia shemeji yako kwamba tangazo lilikuwa kosa."

Maximilla alimshika mikono yote miwili.

"Mungu akupe watoto," akasema.

Msomaji, kuna dua ambayo ni afadhali utukanwe.

* * *

Asubuhi, ukungu bado umekalia vilima, wakakaa kiti kimoja kwenye gari la Kibondo. Maximilla alikuwa amelala kwa muumini mwenzake, na huko walimfungia viazi vitamu. Akavimenya, akampa Firdausi kile kikubwa.

"Kula. Wewe ni mwembamba."

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini? Kula."

Akala.

"Unajua," Maximilla akaendelea, "nilidhani mwenye tovuti ni mwanamume mwenye kitambi. Kumbe binti. Nikasema, yule fundi ndiye mbaya, lakini bosi wake ana utu. Amenisindikiza."

"Mama, nina neno."

"Ego, naam. Sema."

Firdausi akafungua mdomo. Aliona mikono ile iliyopasuka kwa jembe, aliona tabasamu. Neno likarudi lilikotoka.

"Tutafika saa ngapi?"

"Barabara hii? Tukifika tumefika."

Mbele ya Makere wakakuta mabasi yamepanga mstari, yamejaa akina mama na magodoro, wakimbizi wapya kutoka Burundi, wanapelekwa kambi ya Nyarugusu. Gari lao likasimamishwa kizuizini. Askari akapita dirisha kwa dirisha.

"Mama, wewe unatoka wapi?"

"Mimi Mtanzania, Muha wa Kibondo, mwanangu."

"Kitambulisho?"

"Kadi yangu ya kura imefungiwa ndani ya nyumba."

"Nyumba ipi?"

Maximilla alitoa kile alichokuwa nacho. Akakunjua tangazo, akaonyesha picha.

"Hii."

Askari aliitazama, akaisoma, akainua nyusi. "Mama, hii inauzwa. Mwenye nyumba hii ni nani?"

"Ni mimi."

"Unauza, halafu unasema ndiko unakoishi?"

Abiria wakageuka. Maximilla aliipeleka mikono kifuani. Mama wa miaka ile, Muha wa kuzaliwa, hana tena pa kutaja kwamba ni kwake.

"Afande," Firdausi akasema kwa haraka, "huyu ni mama yangu. Namjua. Tangazo hilo ni kosa la kompyuta."

Askari alimtazama, akatazama hijabu yake, akatazama rozari shingoni mwa Maximilla. Akarudisha karatasi.

"Mkifika, mtoe kadi mapema," akasema, na gari likaruhusiwa.

Maximilla akaegemea bega la Firdausi. "Umeniita mama yako," akasema, akafumba macho.

Kosa la kompyuta! Firdausi alitazama nje hadi shingo ikauma. Kwanza alimsingizia rafiki, sasa anaisingizia mashine. Bado nani?

* * *

Nyumba ilikuwa nzuri kuliko picha. Mlango wa kijani ulikuwa na kufuli jipya linalong'aa. Chini ya uzio, kando ya mparachichi, yalikuwa yamepangwa matofali mengi, rundo refu kama la mtu anayetaka kujenga.

Mwanamume mmoja alikuwa amekaa barazani anakula muwa. Reverien, shemeji yake Maximilla, mdogo wa marehemu mumewe. Hakusimama.

"Shemeji umerudi? Na huyu nani?"

"Mwenye tovuti," Maximilla akasema, kifua mbele. "Amekuja kukwambia kwa kinywa chake. Mimi sikuuza kitu!"

Firdausi akasogea mbele. "Baba, tangazo lilikuwa kosa letu. Nyumba haikuwekwa sokoni na mama huyu. Tunaomba afunguliwe."

Reverien akatema kamba za muwa, akacheka hadi akakohoa.

"Haikuwekwa sokoni? Binti, nyumba imekwishanunuliwa! Asante sana kwa tovuti yako."

"Imenunuliwa?" Maximilla akauliza.

"Ndiyo. Siku ileile niliyokutoa, nilikuwa nimesimama hapahapa na hasira zangu, akaja mzee mmoja mstaarabu, karatasi mkononi, anauliza: hii ndiyo nyumba inayouzwa? Nikajiuliza, kumbe nyumba hii ina bei? Mbona mimi nilikuwa sijui? Nikamwambia, ndiyo, karibu, ni ya ukoo na mimi ndiye msemaji wa ukoo. Akalipa."

"Hukuwa na haki!" Firdausi akapaza sauti. "Mama ameniambia njiani: yeye na marehemu ndio waliojenga!"

"Na yeye mwenyewe ndiye aliyepeleka picha kwako iuzwe. Tangazo si hilo? Aliyetaka kuuza ni yeye. Mimi nimemalizia tu. Ukoo mzima umeliona tangazo. Mbele ya mwenyekiti nitasema hivyo, na mbele ya hakimu hivyohivyo."

Maximilla akamgeukia Firdausi. Macho yake yalikuwa makavu, yana imani bado.

"Mwanangu, mwambie. Nani alileta picha? Nilikuja mimi kwako? Ulikuwa unanijua?"

Ilibaki sentensi moja. Sentensi fupi, mtoto angeisema.

"Picha..." Firdausi akaanza. "Picha ile ililetwa..."

Jina la Mansuri lilikuwa tayari ncha ya ulimi. Ingekuwa rahisi namna gani!

Hapo gari likapiga honi nje ya uzio.

"Mnunuzi wangu huyo," Reverien akasema, akasimama kwa adabu, akafuta midomo. "Karibu mzee! Karibu kwako!"

Kutoka kwenye gari la kukodi akashuka mzee wa kanzu, kofia ya kushonwa kwa mkono, makopo mawili ya rangi mikononi. Akainama kukwepa tawi la mparachichi. Akainua uso.

Firdausi akapiga hatua kuelekea gari.

"Baba?"

Alikuwa Mzee Nurudini, mwenye duka la vitenge Kasulu. Baba yake mzazi.

"La haula!" mzee akaangusha kopo moja. Kisha uso wake wote ukacheka. "Nani amekwambia? Mama yako? Nilimuaga juzi kwamba nakwenda Kigoma kuchukua mzigo! Nilitaka kukuita Ijumaa, baada ya sala, nikukabidhi ufunguo mbele ya watu."

"Baba, umenunua nyumba hii?"

"Ningeacha? Pale msikitini wananitania, binti yako anauza nyumba za hewani. Nikasema, mnunuzi wa kwanza nitakuwa mimi. Sikukupigia simu usije ukajua." Akaja karibu, akapunguza sauti, ingawa wote walisikia. "Nikuambie kweli, bwana huyu sikumwamini sana. Nilimuuliza, nani shahidi kwamba nyumba inauzwa? Akanielekeza kwenye tangazo lako nililoshika. Nikamwambia basi, inatosha. Hayo ameandika mwanangu, na mwanangu hasemi uongo."

Reverien alitabasamu. Maximilla alimtazama mzee, akamtazama binti, akamtazama tena mzee.

Msomaji, kuna fimbo ya mkononi na fimbo ya maneno. Mzee Nurudini hakuwahi kumchapa bintiye. Siku ile alimchapa bila kujua.

"Baba," Firdausi akasema, "nimesema uongo."

"Unasemaje?"

"Hakuna aliyeleta picha. Nilipita barabarani, nikaona nyumba nzuri, nikaipiga. Tovuti ilikuwa tupu. Nilitaka ionekane imejaa. Huyu mama sikumjua, sikumuuliza. Bei nilitunga kichwani. Si yeye aliyeuza. Ni mimi."

Alidhani Maximilla atapiga kelele. Hakupiga. Mama yule alirudi nyuma, akakaa kwenye ukingo wa baraza, kitenge kikaburuta mavumbini.

"Viazi vyangu ulikula," akasema.

Firdausi alilia sasa, na kilio kikavuta maneno mengine ambayo hakuyapanga. "Na niliona, mama. Niliona kaburi. Nilisogea pembeni ili lisionekane kwenye picha, kwa kuwa nyumba yenye kaburi watu hawaitaki. Nilijua kuna mtu amezikwa hapa na kuna mtu anamlilia. Nikasogea."

"Kaburi gani?" Mzee Nurudini akageuka. "Bwana Reverien, kaburi gani?"

Reverien alikuwa ameacha kutabasamu. "Mzee, mambo ya zamani hayo."

"Miaka mitatu ni zamani?" Maximilla akanyanyuka. Akaenda moja kwa moja kwenye rundo la matofali kando ya mparachichi. Alipolipita mwanzoni, hakuwa amelitazama vizuri. Akili ilikuwa kwenye kufuli. Sasa alilitazama. Akajua.

"Umemjengea matofali juu! Ndugu yako wa tumbo moja!"

Akaanza kuyatoa. Tofali baada ya tofali, anayatupa nyuma, kucha zinakatika. Firdausi akakimbia, akapiga magoti kando yake, akachukua na yeye. Maximilla hakumfukuza wala hakumtazama. Saruji ikaanza kuonekana, kisha msalaba, umevunjwa mkono mmoja, kisha herufi zilizoandikwa kwa msumari kabla haijakauka: NDIHOKU...

Mzee Nurudini alikuwa ameshika kofia yake mkononi.

"Nimeuziwa nyumba na mwenyewe yumo ndani," akasema.

Nyuma yao pikipiki ikanguruma. Walipogeuka, Reverien alikuwa amekwisha kutoka uzioni, vumbi linaelekea njia ya Mabamba, mpakani.

"Baba, anakimbia! Fedha zako!"

"Mwache." Mzee aliongea kama mtu aliyezeeka papo hapo. "Fedha zitatafutwa. Kwanza hili."

Akaingiza mkono mfuko wa kanzu, akatoa ufunguo. Akamwendea Maximilla, akamkabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake, ingawa walikuwa rika.

"Mama, nisamehe. Nilinunua kisichouzwa. Ingia kwako."

Maximilla aliutazama ufunguo. Akapangusa vumbi la matofali kwenye kitenge, akaupokea.

"Wewe hukujua, baba," akasema. "Wewe sina neno nawe."

Mlango wa kijani ukafunguka. Ndani, vitu vyake vilikuwa vimerundikwa kona moja: sufuria, godoro, jembe, picha ya harusi imegeuzwa ukutani. Akaigeuza. Akakaa juu ya godoro na kupumua, kupumua tu, muda mrefu.

Firdausi alibaki kizingitini. Hakualikwa kuingia.

Baba yake alisimama uani, mgongo kwake. Aliposema, alisema bila kugeuka.

"Ni hii tu, au zipo nyingine?"

"Zipo nyingine, baba. Mansuri amezifuta jana. Lakini karatasi za stendi bado."

"Tutapita nyumba moja moja. Mimi nitakuwa pembeni yako, na wewe ndiye utakayesema. Kila mlango utasema ulivyosema hapa."

"Ndiyo, baba."

"Nilikusomesha," akasema, sauti ikakatika. Hakumalizia. Neno lile kubaki bila kumaliziwa kulimuuma Firdausi kuliko kama angetukanwa hadi magharibi.

Hata hivyo, tuseme kweli: kifuani kwake kulikuwa na nafasi ya kupumua. Amekiri. Limetoka. Mama amepata nyumba, mume wake ameonekana. Ameaibika, lakini amebaki mkweli. Firdausi alijiambia kwamba mzigo umeisha.

Simu yake ikalia.

Alikuwa Swaumu, dada yake Mansuri, na alikuwa analia hadi maneno hayakukamatana.

"Dada Fida, uko wapi? Wamemchukua Mansuri! Wamekuja nyumbani asubuhi, wamemfunga pingu mbele ya mama!"

"Nani? Kwa kosa gani?"

"Utapeli wa nyumba! Wanasema ana kesi. Wanasema soko zima ni shahidi, alikiri kwa kipaza sauti. Tena wamechukua kompyuta, wakakuta amefuta picha jana. Wanasema alikuwa anaficha ushahidi!"

"Yeye amesema nini?"

"Hasemi kitu! Afande anamuuliza, nani alipiga picha, ananyamaza. Mama amemlilia, ananyamaza. Ameniambia neno moja tu: mngojeni Firdausi." Swaumu akavuta pumzi. "Dada, tunakungoja. Wewe unajua nini?"

Simu ikakatika. Mtandao wa Kibondo, mnaujua.

Firdausi alipogeuka, Maximilla alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Wamemkamata yule kijana?"

"Ndiyo, mama. Sijui nani ameshitaki."

"Ni mimi," Maximilla akasema. "Jana jioni, kabla sijaenda kulala. Nilikwenda kituoni nikaandikisha. Waliniuliza, unamshitaki nani? Nikawatajia jina ulilonipa wewe."

Firdausi akaona ni wapi alipoacha. Alikuwa amekiri picha. Amekiri bei. Amekiri kaburi. Jambo moja hakuligusa, na lile ndilo lililokuwa limefungwa pingu Kasulu.

Mzee Nurudini aligeuka sasa. Kwa mara ya kwanza tangu kaburi lionekane, alimtazama bintiye usoni.

"Jina gani," akauliza, "ulilompa?"